A Night at the Opera ya Queen: nzuri mno, ila tazama sindano yako

Ukiipata santuri hii ya Novemba 1975 ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza, acha kwanza Bohemian Rhapsody, wimbo wake maarufu kuliko zote. Weka upande wa kwanza, wimbo wa pili, Lazing on a Sunday Afternoon. Sauti ya Freddie Mercury, mwimbaji wao mzaliwa wa Unguja, inatoka kama redio ya mkulima. Ilipigwa kwenye hedifoni zilizotumbukizwa ndani ya kopo la bati, maikrofoni ikainasa upya kutoka humo. Ujanja wa aina hiyo umejaa humu. Bendi ya jazi inayosikika kwenye Good Company ni gitaa la Brian May, mpiga gitaa wao, peke yake, na ile milio ya viatu vya dansi kwenye Seaside Rendezvous ni vidole vilivyovaa kastabani vikigonga meza ya kuchanganyia sauti.

Sehemu ya opera ya Bohemian Rhapsody ndiyo iliyokula muda: takribani wiki tatu za sauti tu. Utepe wa kurekodia ulikuwa na njia 24, yaani mistari 24 ya sauti iliyo sambamba. Mercury, May na mpiga ngoma Roger Taylor wakiimba mpaka njia zijae, zinachanganywa na kuhamishiwa kwenye chache, kisha wanajaza tena. Shida ni kwamba kila uhamisho unaongeza mvumo, na kilichochanganywa hakichambuliki tena. Sauti nyembamba ya Taylor ikizidi, ndiyo imezidi. Utepe nao ulipita kwenye mashine mara nyingi hata unga wake wa sumaku ukapukutika: prodyuza Roy Thomas Baker aliuinua kwenye mwanga, akaona upande wa pili.

Sasa kasoro. Upande wa pili una zaidi ya dakika 22, unaanza na The Prophet's Song (dakika nane na ushei, na kwa kweli ingepunguzwa mbili), na Bohemian Rhapsody imesukumwa hadi karibu na kibandiko cha katikati. Ukingoni mwa santuri, mfereji unaobeba sauti hupita chini ya sindano kwa takribani sentimita 50 kwa sekunde. Huku ndani ni nusu ya hapo au chini. Mawimbi yale yale yanabanwa mahali padogo, kwa hiyo kwaya nzito kuliko zote inaangukia penye nafasi finyu kuliko zote. Herufi "s" zinakwaruza, "Galileo" za juu, jina wanaloliita kwaya humo, zinapasuka.

Usikimbilie kumlaumu muuzaji. Panga kichwa cha sindano kwa karatasi ya vipimo yenye nukta mbili za kupangia, ukikazania ile ya ndani, iliyo karibu na kibandiko. Uzito wa sindano juu ya santuri ufuate kiwango cha mtengenezaji: ukiupunguza ukidhani unaitunza santuri, sindano inarukaruka na kuuchimba mfereji. Ncha yenye umbo la yai hufuata mikunjo midogo vizuri kuliko ya duara. Kama yako ni ya duara na huna mpango wa kuibadilisha, nunua CD. Huko wimbo wa mwisho unasomwa sawasawa na wa kwanza.