TAHADHARI: "Makopo mapya" ya vakyumu ya Mercedes W123 yaliyozibwa kwa silikoni

Wadau wa W123, someni hapa kabla ya kutuma pesa. Kuna seti za makopo ya vakyumu (vikopo vinavyotumia mvuto wa hewa kufungua na kufunga vilango vya upepo ndani ya dashibodi) ya hita na AC zinauzwa mtandaoni kwa jina la "mpya, hazijawahi kufungwa kwenye gari". Ukiyapokea unakuta yametolewa kwenye magari chakavu, yakaoshwa, yakapigwa rangi nyeusi, na kiwambo cha mpira cha ndani kikazibwa kwa silikoni.

Hiyo silikoni haidumu. Kiwambo hupasuka kwenye mkunjo, pale kinapojipinda kila kopo linapovuta kilango cha hewa. Ukipagandisha hapo, mkunjo unahamia pembeni na mpira unachanika upya. Hata kopo ambalo kweli halijawahi kufungwa si salama: utengenezaji wa W123 uliisha mwanzoni mwa 1986, na mpira wa umri huo huzeeka hata ukiwa ndani ya boksi. Ukiambiwa "jenuini ya zamani", uliza mpira ni wa lini.

Video za wauzaji hao nazo zitazameni vizuri. Kunyonya kwa mdomo kunaonyesha tundu kubwa tu. Dai pampu ya mkono ya vakyumu yenye geji: muuzaji avute hadi inchi 15 za zebaki (karibu nusu baa), aache, geji na saa vionekane pamoja bila video kukatwa. Mshale usishuke kwa dakika mbili. Makopo mengine yana chemba mbili na vichomeo viwili vya mirija. Wauzaji wengi huonyesha ile chemba nzima tu. Na muuzaji wa Nairobi akikuonyesha geji inasoma inchi 27, achana naye. Kwa mwinuko ule kanieneo ya hewa yenyewe ni inchi 24 hivi, na pampu haiwezi kuvuta zaidi ya hapo, kwa hiyo geji ni mbovu au video ni ya kwingine. Mombasa au Dar hilo linawezekana.

Kuna na mchezo wa pili, wa gereji: unaambiwa kompresa imekufa. Washa AC, ushike paipu nene ya kurudi kwenye kompresa. Kama ni ya baridi na inatoa jasho, lakini upepo unatokea kwenye kioo cha mbele au miguuni badala ya katikati ya dashibodi, gesi na kompresa havina kosa. Vilango havivutwi. Usinunue kompresa.

Kupima si kazi ngumu. Kwanza ziba ncha ya pampu yako kwa kidole, uhakikishe yenyewe haivuji. Kisha chomoa mirija kwenye vali za umeme zinazogawa vakyumu, uvute mmoja mmoja. Mrija usioshika, ufuate hadi kwenye kopo lake, lakini kabla ya kulilaumu badilisha viungio vya mpira vya njiani. Hivyo ndivyo hukauka na kulegea kwanza, na bei yake ni ndogo. Kipya lazima kiingie kwa kubana. Kikiteleza chenyewe, ni kikubwa.

Wenye dizeli msidharau uvujaji huu. Vakyumu inatoka kwenye pampu moja inayohudumia pia kufuli za milango na kuzima injini, hivyo gari linaloendelea kunguruma baada ya kuzima swichi huenda linavujia ndani ya dashibodi. Likigoma kabisa, fungua boneti na ubonyeze wenzo ulioandikwa STOP.

Kazi kubwa ni kufungua dashibodi, ndiyo maana kopo bovu linauma mara mbili. Pima kila kopo mezani, halafu tena likishafungwa, kabla ya kurudisha plastiki hata moja. Kwa malipo, kubali tu kulipa baada ya kupima mbele ya muuzaji au mtu wake. Akikataa pampu kuunganishwa, mrudishie boksi lake. Mliokwisha kulipa, msiyafunge makopo kwenye gari: pigeni video mkifungua kifurushi, pimeni papo hapo, kisha kwaruzeni rangi kidogo kwenye ukingo wa kopo. Chini yake kutu ya zamani au silikoni itaonekana, na huo ndio ushahidi wa kudai pesa.