Noctua kwenye prosesa, Arctic kwenye kadi ya grafiki, na fundi aliyenitoa machozi

Nianze na onyo kabla hasira haijanipanda. Ukimpelekea fundi kompyuta yenye prosesa ya Ryzen, ya kampuni ya AMD, akubadilishie kipozeo, yaani lile bonge la chuma na feni linaloipoza, na hujamsikia akisema "tuiwashe kwanza ipate moto", beba mashine yako uondoke. Usimwonee haya. Wa kwangu nilimwambia kwa mdomo wangu, na bado akafanya alichofanya.

Kazi yangu ni kuhariri video za shughuli: sendofu, kichen pati, ndoa yenyewe. Niko Dar, chumba changu cha kazi hakina kiyoyozi na dirisha linatazama bati la jirani. Msimu wa kaskazi ukiingia, kuanzia Desemba hivi, hewa ya mle ndani inafika nyuzi 33 hata kabla kompyuta haijaongeza yake. Wazungu wakipima vipozeo wanapimia kwenye vyumba vya nyuzi 20 na kidogo, na hapo ndipo wengi tunapojidanganya huku. Kipozeo hakitengenezi baridi. Kinachukua joto la prosesa na kulimwaga kwenye hewa iliyopo, basi. Kama hewa yako ina nyuzi kumi zaidi ya ya kwao, namba unazoziona kwenye video zao ziongezee kumi ndipo uanze kupiga hesabu. Prosesa yangu ni Ryzen 5 3600, AMD wenyewe wameiwekea ukomo wa nyuzi 95, na kale kafeni kalikokuja nayo kwenye boksi kalikuwa kanaiacha ipande mpaka huko huko. Ikifika inajipunguza mwendo. Video ya harusi inakesha inarenda, yaani kompyuta inaitengeneza iwe faili la mwisho, huku bibi harusi anapiga simu. Na makelele! Mama alikuwa anauliza kutoka sebuleni nasaga nini usiku huo.

Basi nikanunua Noctua NH-U12S kwa ajili ya prosesa, na Arctic Accelero, ile ya feni tatu, kwa ajili ya kadi ya grafiki, GTX 1070. Ya Arctic niliipata kwa mtu aliyeinunua asiifunge, bado iko kwenye boksi na vikorokoro vyake vyote. Vipimo mtavitafuta wenyewe. Nasema moja tu: pimeni keisi kwanza, maana mnara wa Noctua umekwenda juu, na keisi nyingi nyembamba zinazouzwa huku ubavu haufungi ukishauweka.

Duka silitaji. Ni fremu mojawapo Kariakoo, nilielekezwa na watu ninaowaamini. Nilikwenda na mdogo wangu wa kiume anisaidie kubeba. Na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, kwa sababu kijana wa pale tangu tunaingia mpaka tunatoka alikuwa anaongea na mdogo wangu. Kompyuta yangu, pesa yangu, maswali nauliza mimi, majibu anapewa mtoto wa kidato cha nne. "Mkuu, hii mashine unaitumia kwa gemu?" Mdogo wangu akamwambia ni ya dada. Akanitazama mara moja, akarudi kwa mkuu wake.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Soketi ya AM4, kile kitako cha kwenye madabodi (bodi kuu) kinachokaliwa na Ryzen kama yangu, ina tabia yake. Pini ziko chini ya prosesa, 1,331, nyembamba kuliko sindano, na kale kamkono ka pembeni kanazibana pini tu. Hakuna bati la kuishikilia prosesa kwa juu kama kwenye Intel. Pesti ya zamani nayo, ule ute wa kupitisha joto unaopakwa kati ya prosesa na kipozeo, ikishakauka inagandisha prosesa na kipozeo vikawa kitu kimoja. Kwa hiyo unawasha mashine, unaipa kazi dakika kadhaa pesti ilainike, unazima, unachomoa waya wa umeme, unalegeza zile skrubu nne, halafu unakizungusha kipozeo kushoto na kulia pole pole mpaka ukisikie kimeachia. Ndipo unainua.

Nikamwambia hivyo. Kwa adabu kabisa. "Kaka, naomba tuiwashe kwanza, pesti yake imekaa muda mrefu." Akacheka. Akamwambia mdogo wangu, "Mwambie sista akae pale kwenye kiti, hizi kazi hazifanywi kwa kuangalia video." Akashika bisibisi, akatoa skrubu, akaweka mkono mmoja kwenye madabodi, mwingine kwenye feni, akavuta.

Ilitoa mlio mkavu. Kipozeo kikaja juu na prosesa imening'inia chini yake, mkono wa soketi bado umefungwa. Nilisimama. Yeye akaigeuza, akaitazama, akaibandua kwa ncha ya bisibisi (kwa bisibisi, jamani!) na upande mmoja wa pini ukalala kama nyasi zilizokanyagwa. Halafu akasema, na safari hii aliniambia mimi mwenyewe, "Dada, hii prosesa ilikuwa mbovu tangu umekuja nayo."

Mashine niliyoitumia asubuhi ile ile.

Mwenye duka alipofika hakuuliza kilichotokea. Aliuliza kama nimeshalipa. Hela ya kazi iko pale pale, akasema, kwa sababu kijana ametumia muda wake. Pole sikuipata, si kwa mkubwa wala kwa mdogo. Nikikumbuka yule kijana alivyokuwa anafuta mikono kwenye suruali yake huku anamwelekeza mdogo wangu duka la prosesa za mtumba, damu inanichemka mpaka leo.

Aliyeniokoa hata si fundi wa kompyuta. Ni fundi simu, mzee mmoja mtaa wa pili, ana meza yenye hadubini ya kuunganishia vitu vya kwenye bodi za simu. Nilimpa shikamoo, nikamfungulia kitambaa. Hakunipa matumaini ya bure, alisema, "Mwanangu, zikikatika sina dawa, lakini zilizolala tutazibembeleza." Akaweka prosesa chini ya lenzi, akaniita nitazame. Kwenye kioo kile pini zilionekana kama msitu, na safu ya pembeni imeinama yote upande mmoja. Alitumia bomba la penseli ya kubonyeza iliyotolewa risasi. Analivalisha kwenye pini, anaisimamisha, anahamia nyingine. Hakuvuta kwa nguvu hata mara moja. Moja ilimsumbua, akaiacha, akazunguka zote akairudia mwishoni. Prosesa ikakaa kwenye soketi kwa uzito wake wenyewe, bila kusukumwa. Ikawaka. Pesa aliyotaka ni ya soda, nikampa zaidi.

Noctua nikaifunga mwenyewe nyumbani, na hapa lazima niwe mkweli ingawa kichwa kilikuwa bado kinauma: sijawahi kushika kitu cha kompyuta kilichofikiriwa namna hii. Karatasi ya maelekezo inaeleweka, skrubu zina springi na zinagota zenyewe, huwezi kukaza kupita kiasi. Lile bati la nyuma la AM4 linabaki lile lile, lishikilie tu lisidondoke ukitoa plastiki za mbele. Pesti imo ndani. Hata ukija kubadilisha madabodi, kampuni ina utaratibu wa kuwatumia wateja vishikizo vya soketi mpya bure, mradi uwe na risiti. Rangi yake ya kahawia watu wanaisema vibaya, mimi hainihusu. Sasa nikirenda mchana wa joto inacheza kwenye 70 na kitu, na sauti siisikii mpaka nisogeze sikio. Mama hajauliza tena.

Kadi ya grafiki ni kisa kingine, na hapo nampunguzia nyota yeyote anayewaambia ni kazi ya nusu saa. Sahani kubwa ya Arctic inagusa chipu ya katikati tu. Memori nane za GTX 1070 na vile vipande vya VRM vinavyoilisha umeme vinataka vijibati vyao vidogo vya alumini, unavibandika kimoja kimoja kwa gundi ya joto, na gundi ile inahitaji saa kadhaa za kukauka bila kuguswa. Ikikauka haitoki, kwa hiyo kama kadi yako bado ina waranti, iache ilivyo. Na programu haikwambii ukweli wote: kwenye kadi kama yangu namba unayoiona ni ya chipu ya katikati. Inaweza kukuonyesha 60 nzuri kabisa huku VRM inaungua. Namjua mtu ambaye fundi alimfungia sahani, vijibati vyote vikaachwa ndani ya mfuko wao, na kadi ikawa inazima kila akifungua gemu. Ni fundi wa wapi? Mtaa ule ule. Sishangai.

Ya kwangu nimeifunga bila kuruka hatua, inapoa vizuri, lakini ni nzito na inakula nafasi ya kadi tatu. Nimeitegemeza kwa kipande cha mbao chini isipinde. Kama ungeniuliza siku ile natoka Kariakoo, ningekwambia usibadilishe chochote, nunua pangaboi ulielekeze kwenye keisi iliyofunguliwa ubavu. Wiki iliyofuata ningekwambia nunua vyote viwili. Leo nasema Noctua nunua hata kwa kukopa, nyota tano na ninazisimamia. Arctic tatu, labda nne ukiwa na subira na kadi isiyo na waranti. Tatu. Hapana, nne, maana kosa la mafundi nisilibebeshe bidhaa.

Lile duka halina nyota. Juzi wamenitumia ujumbe wa ofa ya "usafi wa kompyuta na kubadilisha pesti", wameanza na "Habari mkuu". Namba nimeifunga. Mwenye prosesa iliyopinda pini aniandikie, nimwelekeze kwa yule mzee wa simu.