Websaiti ya karakana yangu ya fanicha Keko: kazi niliyofanyiwa na dada wa Sinza

Nina karakana ndogo ya fanicha hapa Keko, Dar es Salaam, natengeneza vitanda, makabati na meza za chakula, na siku hizi wateja wengi wako mikoani, Dodoma, Mbeya, hadi Songea, watu ambao hawawezi kuja kugonga mbao wakajiridhisha. Wanatakiwa watume advansi kwa mtu wasiyemjua. Na kila mtu ana ndugu yake aliyelizwa Instagram, katuma hela akablokiwa, kwahiyo mteja akisita mi namuelewa kabisa.

Websaiti ya kwanza nilitengenezewa na jamaa mmoja, simtaji. Kwa macho ilipendeza, ila picha zote za kudownload, wazungu wamekaa kwenye masofa ambayo sijawahi kuyatengeneza maishani, na chini kaweka sifa kutoka kwa wateja watatu ambao hawapo duniani. Namwambia atoe, anasema mbona wote wanafanya hivo. Baadae sertifiketi, ile ya kuonyesha websaiti ni salama, ikaisha, mtu akifungua anaambiwa sio salama, namtafuta jamaa hapatikani, kumbe na domeini, yaani anwani ya websaiti, kaiandikisha kwa jina lake. Ikapotea hivohivo.

Huyu wa pili ni dada yuko Sinza anafanya kazi peke yake. Hakuanza na rangi wala logo, aliniuliza mteja mpya akikupigia anaulizaga nini? Tukakaa na simu yangu tukasoma meseji za WhatsApp za miezi mitatu nyuma, maswali ni yaleyale: mko wapi, mbao gani hiyo, usafiri shingapi, na nikilipa usipoleta itakuaje. Majibu ya hayo manne ndo kayaweka juu kabisa ukurasa wa mbele, hata hujashusha kidole.

Picha alikuja kupiga mwenyewe siku mbili. Kuna moja ya kitanda cha 5 kwa 6 cha mninga kabla hakijapigwa vanishi, unaona mistari ya mbao, unaona ubao ulivyoingizwa kwenye tundu lake, na pembeni mkono wa fundi wangu umeshika randa, vumbi limejaa hadi kwenye kucha. Mama mmoja wa Mbeya aliniambia alivyouona ule mkono ndo akapiga simu.

Alafu kuna suala la Lipa Namba, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo kwa simu, hili kwakweli sikuwahi kuliwaza. Ukiingiza lipa namba, kabla hujaweka namba ya siri simu inakuletea jina. Sasa mi websaiti ilikuwa na jina la biashara ila lipa namba inaleta jina langu la kuzaliwa, yaani mteja akifika pale pale pa kulipa anaona jina la mtu asiyemjua, anaacha. Dada alikataa kuirusha websaiti hewani mpaka nikafungue lipa namba ya jina lilelile nililosajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na ukurasa wa malipo kaandika wazi, jina likija tofauti na hili usilipe, tupigie. Namba ya usajili nayo iko chini pale, anayetaka akaikague mwenyewe.

Tulibishana kwenye muda wa kupeleka mzigo. Mi nilitaka iandikwe siku 14, akanibana, mizigo mitano ya mwisho ilichukua siku ngapi? Ikabidi tuandike 21. Niliumia nikaona nafukuza wateja, ila simu za kugombezana zimepungua sana tangu hapo.

Sertifiketi katumia ya Let's Encrypt, ni bure, inaisha kila siku 90 lakini kaiseti ijiongezee yenyewe. Domeini ya .co.tz iko kwa jina langu na email yangu, na paswedi zote kanikabidhi siku namalizia hela. Picha kazipunguza ukubwa, kwa mtu wa bando la kuungaunga inafunguka bila shida.

Mapungufu yapo. Alichelewa wiki tatu nzima na kuna siku alikuwa hapokei simu, na ile sehemu ya kutafuta bidhaa ukiandika "dressing" haileti kitu mpaka uandike "dressing table", nimemwambia mara mbili bado hajarekebisha. Bei laki nane, nusu mwanzo nusu mwisho, kwa mwenye duka dogo sio hela ndogo.

Nyota nne. Ya tano nitampa akirekebisha hiyo ya kutafuta.