Fundi wa kunguni wa Mwembe Tayari: kwanza amtafuta mdudu, dawa baadaye

Kama nyumba yenu imeingiliwa na kunguni, mtafuteni huyu fundi wa Mwembe Tayari, hapa Mombasa. Dawa yake ni nzuri, lakini ninayemsifia zaidi ni macho yake.

Kwetu ni Mji wa Kale, nyumba ya mawe yenye boriti na nyufa nyingi, na vyumba vya chini twapangisha. Siku hizo ilikuwa inazunguka kwenye simu video ya mdudu mnyonya damu anayeuma watu usoni wakiwa wamelala, akawaachia ugonjwa wa moyo. Nyanya aliiona, akakataa katakata kulala kwenye kitanda chake cha kamba. Muuzaji dawa mmoja, simtaji, alisimama mlangoni akasema ndio hao hao, akadai shilingi 12,000 bila hata kuinua godoro.

Fundi alikuja na tochi na kikadi kigumu. Alikipitisha kwenye mishono ya godoro na matundu ya kamba, akawatoa kunguni, akawatia kwenye chupa ya glasi. Kisha akaketi na nyanya. "Bibi, tazama. Huyu hana mbawa, na urefu wake ni milimita tano hivi. Yule uliyemwona kwenye simu hufika sentimita mbili au tatu, kichwa kimechongoka, na akikomaa ana mbawa." Akamwambia wazi kwamba kunguni wa kitandani huwasha na kunyima usingizi, lakini haijathibitika kuwa huwaambukiza watu ugonjwa kwa kuwauma. Nyanya akalala usiku ule.

Mimi nilimhoji zaidi, naye hakuchoka. Wadudu wale wa kwenye video kwao hasa ni Amerika, tangu kusini mwa Marekani hadi Ajentina. Mchana hujificha kwenye nyufa za kuta za udongo na mapaa ya nyasi; usiku hutoka, dume na jike, wadogo kwa wakubwa, wote wanywa damu. Kimelea kinacholeta ugonjwa ule wa moyo kiko kwenye kinyesi chao. Mdudu ananyonya huku anakunya, mtu anajikuna usingizini, anajipaka mwenyewe penye jeraha au jichoni. Sisi huku twawajua jamaa za kimelea hicho kwa malale ya mbung'o. Daktari Carlos Chagas wa Brazili ndiye aliyeueleza ugonjwa huo, uitwao Chagas kwa jina lake, mwaka 1909, na Shirika la Afya Duniani limekadiria walioambukizwa kuwa milioni 6 hadi 7. Wengi hukaa miaka bila dalili, kisha kama thuluthi yao moyo huharibika. Mama mjamzito aweza kumpa mtoto tumboni, na damu ya kuongezewa isiyopimwa nayo huambukiza. Dawa zipo, nazo hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema. Ni ugonjwa wa watu maskini wa vijijini Bolivia na kwingineko, na kuutumia kuuzia watu dawa Mombasa ni dhuluma kwao na kwetu.

Tena hakupuuza. Alisema iko aina moja ya wadudu hao iliyosafiri na panya wa melini hadi bandari nyingi za nchi za joto, kwa hivyo akamulika stoo na mashimo ya panya pia. Hakukuta kitu, lakini alituziba mashimo yale kwa saruji bila kulipisha.

Kazi yenyewe: mvuke wa moto kwenye mishono na miguu ya kitanda, unga wa dawa ndani ya nyufa, shiti na foronya zikatiwa maji ya kuchemka. Godoro la nyanya hakulipulizia dawa. Baada ya wiki mbili alirudi kuwamaliza walioanguliwa, kwa sababu mayai huponea dawa nyingi. Vyumba viwili, shilingi 5,500, marudio yakiwemo.

Kasoro zipo. Alichelewa saa nzima bila kupiga simu, na unga aliuacha umetapakaa ukumbini, ikabidi tufagie wenyewe. Ijumaa hapatikani mpaka alasiri. Mkimwita, sogezeni vitanda mbali na ukuta kabla hajafika, na mwambieni mapema kama ndani mna mtoto mchanga au mwenye pumu, maana chumba hufungwa mpaka jioni.