Kotesheni za sola na betri za nyumbani, uzoefu wangu Kigamboni

Kwa yeyote anayekusanya kotesheni za sola saa hizi, naomba macho yasianzie kwenye ile jumla ya chini kabisa. Mimi kwa nyumba moja hiyo hiyo, paa hilo hilo, nililetewa bei kuanzia milioni 6.4 mpaka milioni 16 na ushee, na kila mmoja ananiambia "hii inabeba nyumba nzima dada". Sasa hapo utachaguaje kama hujui wanachokuuzia?

Nyumba yenyewe ni ya kawaida tu, vyumba vitatu, bati la msauzi, friji, feni, tv, wifi, taa, pasi, pampu ya kisima ya hp 1, na friza ambalo ndo roho ya hii habari yote maana nauza samaki, juisi na barafu za ubuyu. Ule mgao wa mwishoni mwa 2023 kuja mwanzoni mwa 2024, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere haujaanza kuzalisha mwezi Februari, ulinimaliza mtaji. Mgao ukaisha ila huku kwetu umeme kukatika masaa kadhaa ni kitu cha kawaida, na samaki hajui kama ni mgao au ni nguzo imeanguka.

Kabla hujamwita fundi yeyote soma luku yako. Usinunue yuniti siku hiyo, andika zimebaki ngapi saa 12 jioni, andika tena saa 12 asubuhi, afu tena jioni, rudia siku kadhaa mpaka uone wastani. Mimi nilikuta natumia kama yuniti 10 kwa siku na kati ya hizo karibu 4 ni za usiku. Hiyo 4 ndo inakwambia betri gani unahitaji, kwasababu mchana jua linabeba lenyewe, usiku ndo betri inafanya kazi. Mtu anayekuandikia kotesheni bila kukuuliza hii namba anakisia, na anakisia kwa hela yako.

Sasa betri, na hapa ndo nataka mnisikilize vizuri. Kotesheni moja iliandika "betri ya lithiamu 100Ah" (Ah ni ampea-saa), nyingine nayo "betri ya lithiamu 100Ah", moja milioni 7.1 nyingine milioni 9.2, kila kitu kingine kinafanana, nani asingechukua ya 7.1? Lakini ile ya bei rahisi ilikuwa ya volti 25.6 na nyingine ya volti 51.2. Zidisha volti kwa Ah unapata wati-saa, yani ya kwanza ni 2,560 na ya pili ni 5,120. Kwa lugha ya luku, ambapo yuniti moja ni wati-saa 1,000, ni yuniti 2 na nusu dhidi ya yuniti 5. Nusu kabisa! Na volti haikuandikwa popote kwenye ile ya 7.1, niliipata baada ya kudai picha ya lebo ya betri. Kwahiyo Ah bila volti usiikubali, mrudishie aandike upya.

Ile ya milioni 6.4 ilikuwa na betri za jeli nne, 12V 200Ah kila moja, na muuzaji akapiga hesabu mbele yangu akapata 9,600 akasema yake ni kubwa karibu mara mbili ya lithiamu. Kwenye karatasi ni kweli. Ila jeli hutakiwi kuishusha chini ya nusu kama unataka idumu, kwahiyo unayotumia ni 4,800, wakati lithiamu ya 5,120 unaweza kutumia asilimia 80 mpaka 90 bila wasiwasi. Kwa usiku mmoja zinakaribiana, sikatai. Tofauti ipo kwenye umri. Betri za asidi na jeli joto linazila, kanuni wanayoitumia mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 umri unapungua karibu nusu, na stoo yangu hapa Kigamboni mwezi wa pili mnaijua wenyewe ilivyo. Lithiamu za aina ya fosfeti nyingi zinaandikwa mizunguko 6,000 (kujaza na kutumia mara moja ni mzunguko mmoja), jeli ukiishusha nusu kila siku uko kwenye elfu moja na kitu. Nikaona nikichukua jeli nitanunua betri tena kabla hata paneli hazijazeeka. Kwa mtu ambaye umeme unakatika mara mojamoja jeli inaweza kumfaa, mimi naitumia kila usiku.

Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri na paneli uwe wa kutumia nyumbani, nayo ina mtego. "5kVA" sio lazima iwe 5kW, kuna nyingi zinaandikwa 5kVA lakini uwezo wake ni 4kW, omba karatasi ya mtengenezaji uangalie kW, maana hiyo ndo mzigo halisi inaoweza kubeba.

Aliyepata kazi ni yule wa milioni 9.2, na sio kwasababu ya bei, ni kwasababu ndo pekee aliyekuja saiti na ngazi. Wengine walitaka nitume picha ya paa kwa WhatsApp. Huyu alipanda, akaona mwembe wa jirani unatupa kivuli upande wa magharibi kuanzia saa 9, akasema paneli zote zinahamia upande mwingine, maana kivuli kwenye paneli moja kinavuta chini na zile zilizounganishwa nayo. Akashuka akachukua ile mita ya kubana kwenye waya akaibana kwenye waya wa friza tukasubiri. Compressor ilipowaka namba ikaruka ghafla kisha ikatulia chini kabisa, akanionesha na kusema "umeona dada, inveta lazima ihimili hilo ruko, sio ule wastani". Pampu ndo usiseme, mota inapoanza inavuta mara kadhaa ya kawaida yake. Akapendekeza pampu, pasi na heta ya chai vibaki TANESCO na vitu vingine vyote vihamie sola kwenye boksi lao la breka. Yule wa milioni 16 suluhisho lake lilikuwa inveta ya 10kW na betri mbili ili pampu nayo iingie. Pampu inayojaza simtanki nusu saa kwa siku! Umeme ukikatika simtanki limejaa, natumia maji yaliyopo.

Kitu kingine cha sisi tunaokaa karibu na bahari, angalia paneli zinafungwa na nini. Kuna kotesheni ilikuwa na fremu ya chuma cha engo kupakwa rangi, kwa chumvi ya huku hiyo ni kutu. Dai reli za aluminiamu na bolti za stenlesi, ziandikwe. Dai pia ethi rodi (ile fimbo ya chuma inayopeleka umeme wa hitilafu ardhini), kinga ya radi upande wa paneli na upande wa umeme, breka za DC (za umeme wa paneli na betri), na ukubwa wa waya wa betri, maana wanaopunguza bei wanapunguza hapo ambapo huoni.

Kuhusu hela kurudi. Kuna muuzaji aliniahidi miaka mitatu. Piga hesabu mwenyewe: yuniti kwangu ni kama shilingi 356, sola ikinibebea yuniti 7 kwa siku ni karibu 2,500, kwa mwezi 75,000, kwa mwaka laki 9. Mfumo wa milioni 9.2 hapo ni miaka kumi. Kwahiyo kama lengo ni kupunguza luku tu, betri haikulipi haraka, mimi nilinunua kulinda friza na hilo nililijua kabla sijatoa hata shilingi. Ukiwa huna biashara inayoharibika fikiria vizuri.

Malipo tulikubaliana asilimia 60 vifaa vikifika na serial namba zifanane na zilizoandikwa kwenye kotesheni, 30 ikiwaka, 10 baada ya mwezi. Aliyetaka hela yote kabla sikuendelea naye. Leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, niliomba kuiona na huyu niliyempa kazi alinionesha bila kununa. Waranti ya betri mdomoni alisema miaka 10, kwenye karatasi ya mtengenezaji ni 5, nikamwambia aandike 5 maana hiyo ndo naweza kuidai.

Utendaji: paneli 6 za wati 550, siku ya jua kali zinaweza kunipa yuniti 13, ila sizimalizi kwasababu betri ikijaa zinapunguza zenyewe. Kipindi cha masika mawingu yakikaa kutwa zinashuka mpaka 4 au 5, siku hizo inveta inavuta TANESCO alfajiri na nimeiseti ifanye hivyo betri ikifika asilimia 20. Usiku wa kawaida naamka betri iko 25 mpaka 30. Friza halijazima tangu wafunge. Ninachokilalamikia ni feni ya inveta, inapiga kelele mchana ikizidiwa, isifungwe karibu na chumba cha kulala, na app yake inakatakata wifi ikiyumba. Betri ya pili nitaongeza biashara ikiruhusu, na nilihakikisha kwenye kotesheni imeandikwa kuwa inveta hii inapokea ya pili ya aina hiyo hiyo bila kubadilisha kitu.