Crash: Oscar inayo, msuko hauna

Wikendi hii nimeirudia Crash ya Paul Haggis, ile filamu ya ubaguzi wa rangi Los Angeles iliyoibwaga Brokeback Mountain mwezi Machi 2006 na kubeba Oscar ya filamu bora. Uigizaji bado ni moto. Ila ilipewa na tuzo ya skripti, na hapo ndipo ninapogoma.

Mchukue askari Ryan (Matt Dillon). Usiku anasimamisha gari la mke na mume weusi, anampapasa mke eti anampekua, mume amesimama palepale hana la kufanya. Kesho yake gari la yule mama limepinduka, petroli inavuja, mwenyewe ananing'inia kwenye mkanda kichwa chini. Anayeingia kwa kutambaa kumwokoa ni nani? Ryan! Mama wa watu anapiga mayowe: yeyote, lakini si huyu. Kipande hicho kimepigwa vizuri, mwili unasisimka. Lakini jiji lina mamilioni ya watu, jamani. Mume naye siku hiyohiyo anaangukia mikononi mwa askari aliyekuwa doria na Ryan. Usiku askari huyo anampa lifti kijana, anampiga risasi, na kijana ni mdogo wake mpelelezi wa filamu hiihii.

Sadfa moja nameza, hata mbili. Hapa ndiyo injini. Na hasara yake ni kwamba Ryan habadiliki kwa uamuzi wake: hakuna anapomtafuta yule mama amwombe radhi. Mwandishi kamletea ajali mlangoni, sisi tunatakiwa tumsamehe. Sandra Bullock, tajiri anayemfokea mfanyakazi wake wa ndani, yeye anateleza kwenye ngazi tu, anainuka anampenda. Kweli?

Kinachoudhi ni kwamba wanajua kusimulia wakitaka. Fundi wa kufuli anamwambia mwenye duka kwamba mbovu ni mlango. Mzee haelewi, anamfukuza. Duka linavunjwa, bima inagoma kulipa, mzee anabeba bastola kumfuata fundi nyumbani. Kila tukio limezaa lingine. Anafyatua, haumii mtu, kumbe risasi ni za kutoa mlio tu. Hata hizo tulishamwona binti wa mzee akizinunua mapema, tukapitiwa.

Kisa cha fundi peke yake nakipa tisa. Filamu nzima, tano.