StreetComplete kwa kikundi kipya cha ramani huria: inafaa sana, ila iandaliwe uwanja

Anayeanzisha kikundi cha wapenzi wa OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, mtaani kwake hukwama mapema. Watu kumi na watano wamefika, kompyuta ziko mbili, na wengi wao hawajawahi kusikia habari ya tagi, yaani lebo zinazoeleza kila kitu kilichomo kwenye ramani. Kwa hali hiyo hatujaona programu ya simu inayoifikia StreetComplete. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, inapatikana Play Store na F-Droid (duka la programu huria za Android), na haimdai mtu ujuzi wowote wa muundo wa data. Inachukua vitu vilivyomo kwenye ramani ambavyo taarifa zake hazijakamilika, kisha inamuuliza aliyesimama mbele yake: barabara hii ni ya lami au ya vumbi? Nyumba hii ina namba gani? Jibu linaingia OpenStreetMap moja kwa moja kwa jina la akaunti yake.

Sharti lake liko hapo kwenye "vitu vilivyomo". Programu hii haichori nyumba wala barabara mpya. Dar es Salaam imebahatika, kwa kuwa mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora kata baada ya kata, na Tandale ilikuwa imeshaanza kuchorwa tangu 2011. Huko maswali hayakosi. Ukiifungua kwenye kijiji ambacho hakijachorwa, hakuna cha kuulizwa, na wageni wako watazunguka juani bure. Kwa hiyo wiki moja kabla, wenye kompyuta wachore majengo kwa kutumia picha za setilaiti, ama kwa kihariri cha iD ndani ya kivinjari au kwa JOSM, programu ya kuhariri ramani inayowekwa kwenye kompyuta. Nusu kilomita kwa nusu kilomita inatosha kwa siku ya kwanza. Wawe waangalifu panapobanana: bati za nyumba tatu zilizogusana zikizungushiwa mstari mmoja, kila swali kuhusu "jengo" hilo litapata jibu la uongo.

Akaunti nazo zifunguliwe nyumbani, siku kadhaa kabla. Usajili wa OpenStreetMap unahitaji kuthibitisha barua pepe, na watu wengi wakijisajili kwa mkupuo kupitia intaneti moja, tovuti huweza kuwazuia kwa kudhani ni matapeli. Hapo saa nzima ya mkutano inapotea.

Kinachoifanya programu hii ifae kikundi, wala si mtu mmoja tu, ni mambo mawili ambayo wengi hawayafungui. La kwanza ni seti za maswali. Ikiachwa ilivyo, inauliza mambo mengi mno, hadi kama benchi lina egemeo. Kiongozi atengeneze seti yenye maswali matano au sita: uso wa barabara, jina la barabara, aina ya jengo, idadi ya sakafu, namba ya nyumba. Kisha wenzake waipate kwa kupiga picha msimbo wa QR ulio kwenye simu yake. La pili ni hali ya timu, ambayo inagawa maswali ya eneo moja kati ya watu 2 hadi 12. Wote wachague idadi ileile ya watu wa timu, na kila mmoja nambari yake. Wawili wakichagua nambari moja watajibu yaleyale, na fungu la mwenzao litabaki halijaguswa. Kwa watu kumi na watano, gawanyeni timu tatu za watano, kila timu na upande wake wa mtaa.

Sasa majibu yenyewe, kwani hapa ndipo data inapoharibikia. Programu inahesabu sakafu kuanzia ya chini. Nyumba isiyo na ghorofa ni 1, siyo 0. Nyumba ya ghorofa moja ni 2. Msipoelezana hili kabla ya kutoka, mtaa mzima utapungua sakafu moja. Saa za maduka nazo: mwenye duka akisema anafungua saa moja asubuhi na kufunga saa tatu usiku, kinachoandikwa ni 07:00 hadi 21:00. Tumeona maduka ya kawaida kabisa yakionekana kwenye ramani kuwa yanafunguliwa saa saba usiku kwa sababu tu saa moja iliandikwa 01:00. Namba za nyumba zisomwe kwenye kibao cha anwani za makazi kilichopo mlangoni, zisikisiwe kwa kufuata jirani. Na asiwepo wa kuchungulia Google Maps ili kujaza jina asilolijua. Leseni haziruhusu, na data ya namna hiyo hufutwa.

Swali lisilojibika mtu anaweza kuliachia maelezo, hata na picha. Maelezo ya "hapa si sawa" hayamsaidii yeyote. Yaseme kilichopo: "nyumba imebomolewa, sasa ni kiwanja kitupu". Picha zinaonekana na dunia nzima, hivyo nyuso za watu na namba za magari zikae nje. Mteue mtu wa kuyafanyia kazi maelezo hayo kwenye kompyuta ndani ya wiki hiyo, la sivyo yatalundikana.

Kuhusu bando haina makuu. Pakua eneo kabla ya kutoka, weka mipangilio ipakie majibu kwa waifai tu, na mtembee bila intaneti. Hatari yake ni anayesahau kupakia: mwingine akishabadilisha kitu kilekile, jibu lililochelewa huweza kutupwa. Pakieni wote kabla ya kutawanyika. Betri inaisha haraka kwa sababu ya GPS na mwanga wa skrini juani. Kila timu iwe na pawabenki moja.

Upungufu mwingine upo. Play Store na F-Droid ni za Android, hivyo wenye iPhone watumie Every Door, programu nyingine ya kuhariri OpenStreetMap, ambayo inafaa pia kwa kuongeza vibanda na maduka mapya mengi kwa mfululizo. Ujumbe wa kila fungu la mabadiliko programu inajiandikia yenyewe, kwa hiyo msitegemee alama ya reli (#) kujua kikundi kimefanya nini. Andikeni orodha ya majina ya akaunti tangu siku ya kwanza. Nyota za kila jibu zinawachangamsha vijana, lakini mwenye nyota nyingi kwa dakika chache akaguliwe majibu yake.

Na kabla ya kutoka, kiongozi apite ofisi ya serikali ya mtaa, amweleze mwenyekiti, aombe mjumbe wa shina afuatane nanyi. Vijana wanaozunguka na simu wakitazama milango ya watu hutiliwa shaka mara moja, na mjumbe huyo ndiye anayejua barabara isiyo na kibao inaitwaje.